Sina Radhi Nawe

"Izime!"

"Siizimi!"

"Zaki, nakwambia izime hiyo apu kabla sija—"

"Kina mama wa Kuze kila alasiri wako Tononoka, wazunguka uwanja kwa ajili ya—"

"—kabla sijaizima mwenyewe, na hiyo kompyuta yako nikaipitisha dirishani!"

"—kwa ajili ya apu hiyo hiyo, nawe wataka niizime!"

Mimi na Caroline twapiga kelele, hakuna anayemsikiza mwenzake. Fundi cherehani wa chini akaacha kukanyaga mashine yake. Alitaka kusikia vizuri.

Wewe uliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita, nikupe kwa ufupi.

Mimi ni Zaki wa Kuze. Tangu utotoni kazi yangu ni kuiga sauti za watu. Chuo nilikiacha njiani, baada ya kupiga simu kwa sauti ya mhadhiri nikaahirisha mtihani, darasa zima likabaki limelala. Caroline Mung'aro, msichana wa Kilifi, yeye alimaliza masomo, na ndiye anayejua kuandika programu. Tukashirikiana kutengeneza apu ya kusaidia watu kupunguza uzito. Tukaiita Shangazi.

Kwa nini Shangazi? Kwa sababu apu za kizungu hukupigia makofi. Umetembea mpaka mlangoni, hongera! Mtu wa Mombasa ukimpa hongera, yuwaenda kujipongeza kwa viazi karai. Sisi hatuendeshwi na hongera. Twaendeshwa na maneno.

Na mwenye maneno Kuze nzima ni shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, aliyenilea. Nikamrekodi barazani akisema watu, nikamdanganya kwamba ni utafiti wa chuo. Yeye hata hajui chuo nimekiacha. Basi ukiandika kwenye simu kuwa umekula mahamri, sauti yake yatoka: "Hamri la ngapi hilo, mwanangu? Ama wenda kulima?" Usipotembea: "Kaa, kaa tu. Hilo buibui kesho tutalifanya hema la harusi."

Watu walicheka mpaka wakaanza kutembea.

Kisha nikatia kitufe cha radhi. Umevunja masharti? Bonyeza, omba radhi, katembee, na ukirudi Shangazi atakwambia: "Haya, nimekuwia. Usirudie." Hapo ndipo apu ilipopendwa. Na hapo ndipo nilipolikoroga.

"Nieleze pole pole," nikamwambia Caroline. "Kosa liko wapi?"

Akanigeuzia kompyuta.

"Wawakumbuka wale kina mama wa majaribio, walivyotukataza sifa?"

Nawakumbuka. Mwanzo, mtu akifikia uzito aliojipangia, Shangazi alikuwa akisema, "Mashaallah, umependeza." Kina mama wakaja juu. Jicho hilo! Wataka tukondeshwe na kijicho cha simu? Mmoja akaniuliza, "Mashaallah hutoka moyoni. Simu yako ina moyo?" Siku ile ile tukaifuta sifa.

"Tuliifuta," nikasema. "Kwani?"

"Tuliifuta, na mahali pake hatukutia kitu. Sasa mtu akifika, apu yatafuta la kumwambia, hailipati. Yaenda kuchukua rekodi ya mwisho kwenye foleni. Wajua ya mwisho ni ipi?"

Nikajua.

Ya mwisho niliitia kwa mzaha, ya kumtishia mvivu sugu asiyenyanyua hata mguu. Haina kelele, haina matusi. Ni sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kata tamaa na wewe: "Sina radhi nawe."

"Maana yake," Caroline akasema, "mtu akishindwa, Shangazi amfanyia mzaha. Akifaulu, amlaani."

"Wengi bado hawajafika."

"Mmoja amefika. Amefika, akapita, na bado ashuka. Abonyeza radhi kutwa kucha, na kila akibonyeza yamjibu neno lile lile. Zaki, uzito alioandika juzi ni wa mtoto wa shule."

"Nani huyo?"

"Swafia Muhdhar. Wa Kibokoni."

Swafia. Binti wa Ustadh Muhdhar, mwalimu wangu wa madrasa. Si zamani nilipishana naye karibu na kwao, nikadhani ni mdogo wake.

Swafia hana mdogo.

"Haya, natia rekodi nyengine sasa hivi," nikasema. "Natengeneza kimya kimya, hakuna atakayejua—"

Caroline alikuwa ameshabonyeza. Shangazi akazimika kwenye simu za watu wote.

"Wewe!" nikaruka. "Hata hukuniuliza!"

"Kwetu mtu akilaaniwa," akasema, "aliyemlaani huja mwenyewe kuyatengua kwa mdomo wake. Hatumi rekodi. Nenda kamwambie shangazi yako ukweli."

"Ataniua."

"Basi ufe wewe, asife yule msichana."

Kabla sijamjibu, simu yangu ikalia. Shangazi. Si wa apu. Wa kweli.

"Zaki, njoo nyumbani," akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Ustadh Muhdhar yuko hapa. Yuwalia."

* * *

Ustadh Muhdhar nimemwona akichapa, nimemwona akisalisha, nimemwona akimzika mkewe bila kudondosha chozi. Kulia sijapata kumwona.

Nilimkuta ukumbini kwetu, amekaa pembeni mwa kiti, kofia ameishika magotini. Shangazi amesimama mbele yake, leso imemshuka begani, hana habari nayo.

"Shikamoo, ustadh."

Hakuniona hata.

"Mwanakhamis," akasema, "sisi na nyinyi ni watu wa tangu na tangu. Kama mwanangu amekukosea, amekwisha adhibika. Muwie radhi. Nakupigia magoti."

Na kweli akaanza kupiga magoti.

"Astaghfirullah! Muhdhar, inuka! Inuka, watu wasikuone! Mimi na Swafia tumekosana wapi? Tangu afe mamake mtoto sijamtia machoni."

"Wamwambia huna radhi naye."

"Mimi?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Alikuwa na simu kitandani, nikasikia yamjibu. Ni wewe, Mwanakhamis. Sauti yako naijua."

Shangazi akageuka taratibu, akanitazama.

"Zaki."

"Naam, shangazi."

"Ule utafiti wa chuo."

Nikatazama miguu yangu.

"Nakuuliza. Ulikuwa utafiti wa kitu gani?"

Nikasema. Nikasema yote, la chuo, la apu, la mahamri, la kitufe. Nilipofika kwenye kitufe sauti ikaniishia, nikamalizia kwa mikono. Nilikuwa nangoja kofi. Nilikuwa nangoja maneno, yale maneno yake ambayo nimewauzia watu wa Mombasa nzima.

Hakutoa hata moja.

"Mimi ulimi wangu ni mrefu," akasema mwisho. "Kuze hakuna niliyemsaza. Lakini neno hilo sijapata kumwambia kiumbe. Hata babako, aliyekuacha mlangoni mwangu hujajua kutambaa, sikumwambia. Naliogopa. Sasa wewe ulinirekodi wapi nikilisema?"

"Sikukurekodi."

"Ila?"

"Nililisema mimi."

"Kwa sauti yangu?"

"Kwa sauti yako, shangazi."

Bakora ya ustadh ilikwenda juu. Sikuikwepa. Shangazi ndiye aliyeidaka.

"Mpige baadaye," akasema. "Hata mimi nitakusaidia. Mtoto kwanza." Akachukua buibui lake msumarini. "Twende. Na wewe tangulia mbele, nikuone."

Tukashika njia ya Kibokoni, mimi mbele kama mbuzi wa akika apelekwaye kuchinjwa. Kwenye kona, mama mmoja mnene akanisimamisha, simu mkono huu, bhajia mkono huu.

"We Zaki, Shangazi wako mbona hasemi? Nimekula bhajia nzima hajanitukana. Amekufa?"

"Yu hai," shangazi akamjibu kutoka nyuma yangu. "Ila leo hana nafasi nawe."

Mama yule akaisikia sauti. Bhajia ikaanguka, na yeye akaondoka mbio, mbio za kweli, ambazo apu yangu ilikuwa imeshindwa kumkimbiza.

Siku nyengine ningecheka mpaka nikae chini. Nilimtazama tu ustadh. Midomo yake yasoma dua, haisimami.

* * *

Nyumba yao ni ya ghorofa, ngazi nyembamba za mbao. Katikati ya ngazi ustadh akasimama, bila kugeuka.

"Walimtia maji ya mshipa, wakamrudisha," akasema. "Daktari asema moyo umeanza kuchoka. Asipoanza kula kwa kinywa chake, na upesi, tusitumai. Nimemnyenyekea, nimemsomea, nimemfokea. Hafungui mdomo."

Juu, shangazi akachukua bakuli la uji lililokuwa mlangoni, akaingia chumbani peke yake. Mimi nikabaki ngazini nje ya pazia, na ustadh juu yangu, maana chumba cha msichana wa watu si changu kuingia. Sikuona kitu. Nilisikia tu.

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia shangazi anashusha pumzi kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Basi nikajua alichokiona.

"Swafia, mwanangu."

"Bi Mwanakhamis." Sauti ilikuwa kavu, ya mbali, kama yatoka nyumba ya jirani. "Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukuwia radhi. Nisikize. Ni mimi hapa, si simu. Lile neno silo langu. Ni la Zaki, mpumbavu wangu, aliniiga. Mimi na wewe hatuna ubaya. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Wasikia?"

"Nasikia."

"Haya. Uji huu ni wa mchele, wa nazi, nimeuonja. Fungua mdomo."

Nikasikia kijiko chagonga bakuli. Nikafumba macho. Mimi si mtu wa dua nyingi, lakini kijiko kile nilikiombea kwa jina la kila mtume niliyefundishwa.

"Ahsante, Bi Mwanakhamis."

"Kula basi."

"Wewe umeniwia. Yeye je?"

"Yeye nani?"

"Mama."

Tasbihi ya ustadh ilikuwa ikipita vidoleni mwake. Ikasimama.

"Mamako na haya yametokea wapi?" shangazi akauliza.

"Siku ile ya mwisho aliniomba haluwa. Sukari ilikuwa juu, daktari amekataza. Nikamwambia haluwa huli. Akaniomba tena, kwa upole, kipande kidogo, cha kuonja. Nikaificha kabatini. Akageukia ukutani, akasema, 'Sina radhi nawe.' Hakupiga kelele. Pole pole tu. Mimi nikaenda jikoni kumpikia mtori. Niliporudi, alikuwa ameshakwenda."

"Mwanangu! Hayo ni maneno ya mgonjwa! Mgonjwa husema lolote!"

"Hata mimi nilijiambia hivyo. Nikatia hiyo apu ya Zaki, nipungue, sukari isinishike na mimi. Nikafuata kila kitu. Siku niliyofika kwenye uzito wangu nikafurahi, nikabonyeza radhi. Nikajibiwa neno lile lile, kwa sauti ile ile ya chini. Bi Mwanakhamis, neno lile twalijua wawili tu, mimi na mama. Hata baba sikumwambia. Nikasema, basi, mama alikuachia wasia wewe, shoga yake."

"Hakuniachia kitu. Naapa."

"Nikasema, labda nimemwachisha mengi, na mimi niache mengi. Nikaacha wali. Nikaacha mkate. Kila nikiacha kitu nabonyeza, nauliza." Akatafuta pumzi. "Leo nimebonyeza, hata hajibu. Bi Mwanakhamis, mtu akikununia kabisa, hata kukwambia hana radhi hataki, ndiyo imekwisha, au siyo?"

Ni Caroline aliyeizima. Aliizima kumwokoa. Mimi nimetega mtego, Caroline amefunga mlango.

"Swafia, kula, mamangu. Kijiko kimoja. Kwa ajili yangu."

"Aliyeninyima ndiye wa kunipa," Swafia akasema. Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu akuelezaye njia ya sokoni. "Mwengine hawezi. Usilie, Bi Mwanakhamis. Utaharibu uji."

Pazia likafunguka. Shangazi akatoka na bakuli lake, limejaa vile vile.

"Hali," akasema.

Ustadh hakumtazama. Alikuwa ameegemea ukuta, atazama mbele kama mtu aliyeulizwa jambo na watu wengi kwa pamoja.

"Ile haluwa," akasema. "Niliiona kabatini baada ya kumsomea marehemu hitima. Sikujua imefikaje pale. Nikawakirimu wageni nayo, kwa kahawa. Na mimi nikala."

"Ustadh," nikasema, "niruhusu niingie nimwombe msamaha. Nitapiga magoti mlangoni. Nipeleke kwa wazee, nipeleke polisi, popote utakapo. Nifanye nini?"

"Nyamaza," shangazi akaninong'oneza. "Umeshafanya." Kisha akamgeukia ustadh. "Muhdhar, tumrudishe hospitali. Na tumsomee. Waite wanafunzi wako tusome, Mungu ndiye mwenye kufungua."

"Nimesoma, Mwanakhamis. Mimi kazi yangu ni kusoma."

"Basi hatuna jengine."

"Huenda liko."

Aliusogeza mlango wa chumba, nyuma ya pazia, ukajifunga bila sauti. Akashuka hadi ngazi niliyosimama mimi. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta. Nikasema moyoni, sasa ndipo bakora yaja, na nimeistahili.

Lakini bakora alikuwa ameiacha juu.

"Marehemu mamake Swafia," akasema, "akitoka kwenu alikuwa akicheka njia nzima. Akifika hapa anieleza. Asema, yule kijana wa Mwanakhamis ameniiga leo, mpaka nimejiogopa."

"Nisamehe, ustadh. Ilikuwa mzaha tu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniambia—"

"Sikukujia kwa msamaha. Hiyo apu yenu, ikizimwa, huwashwa tena?"

"Huwashwa. Lakini, ustadh, mimi sasa sitaki hata kui—"

"Na huweza kutiwa neno jipya?"

Shangazi akashuka kwa haraka na bakuli lake. Uji ukamwagika kwenye buibui lake, hakuupangusa.

"Muhdhar," akasema. "Muhdhar, mche Mungu. Wataka kufanya nini?"

Ustadh akanikazia macho mimi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunisimamisha juani, mbele ya madrasa nzima, kwa kumwiga muadhini. Sasa uso wake ulikuwa karibu na wangu mpaka nikahisi pumzi yake.

"Mwige marehemu," akasema kwa sauti ya chini, ili mwanawe asisikie. "Hapa hapa, sasa hivi. Niite mimi kwanza, vile alivyokuwa akiniita. Nikiitika mimi, na Swafia ataamini."